Yule Mwenye Meza Sita Hachezi na Wewe

Kuna simu ambayo wenzetu wa huduma kwa wateja wameizoea. Mteja anapiga usiku, anataka kujua kwa nini pesa alizoweka kwenye tovuti ya poka zimeisha haraka hivyo. Tukiangalia upande wetu, muamala ulienda sawa. Pesa hazikupotea njiani, zilifika. Zimeliwa mezani. Hapo ndipo mazungumzo hugeuka: lakini kuna jamaa hapo anacheza meza nyingi kwa wakati mmoja, hiyo ni haki kweli?

Sisi si walimu wa poka, na hatuna haja ya kumfanya mtu yeyote aanze kuicheza. Lakini kuna wateja wetu wanaoicheza, tena kwa pesa zinazopitia kwetu, na ni afadhali tuseme wazi kuliko kubandika onyo dogo chini ya ukurasa ambalo hakuna anayelisoma. Maoni yetu ni haya: yule jamaa wa meza nyingi hakuibii, lakini pia hachezi na wewe. Wewe umetoka kazini ukaingia kwenye mchezo. Yeye ndiyo kwanza ameingia kazini.

Kwanza tuelewane jinsi pesa zinavyotembea. Kwenye poka, tofauti na kubeti mpira, hushindani na kampuni. Pesa unayoshinda imetoka mfukoni mwa mchezaji mwenzako, na tovuti inachukua kato lake kwenye pesa zinazoshindaniwa. Maana yake, watu sita wenye ujuzi sawa wakikaa mezani mwezi mzima, kwa wastani wote sita wataondoka wamepungukiwa. Ili mmoja apate faida, lazima wengine wapoteze ya kumtosha yeye na ya kutosha kato. Hiyo si njama, ndivyo mchezo ulivyo.

Sasa hesabu. Chukua meza ndogo ambayo dau kubwa la lazima, ile pesa inayowekwa kabla mtu hajacheza karata zake, ni shilingi 10. Meza ya watu sita kwenye intaneti hugawa karata kama mara 75 kwa saa. Tuseme jamaa wetu ni mzuri, na katika kila migao 100 anabaki na faida ya madau matatu, yaani bob 30, kato likishatoka. Kwa meza moja, saa nzima imempa shilingi 22 na senti 50. Kwa hizo hufiki tauni ukitoka Rongai. Ndiyo maana anafungua meza sita: sasa ni shilingi 135 kwa saa. Haba na haba hujaza kibaba, na samahani kusema, hapo wewe ndiwe haba.

Anayedhani tunatia chumvi amwangalie Randy Lew, Mmarekani anayejulikana mezani kama nanonoko. Januari 2012, kule Bahamas, aliweka rekodi ya dunia ya kucheza migao mingi zaidi ya poka ya mtandaoni ndani ya saa 8. Alicheza migao 23,493, karibu 49 kila dakika, meza zikijaa kwenye skrini mbele yake. Faida yake baada ya hizo saa 8? Dola 7 na senti 65. Ni kweli alikuwa anatafuta rekodi, si mshahara, na siku nyingine mtu kama yeye hupata zaidi sana. Lakini hapo unaona biashara yenyewe bila mapambo. Faida kwa kila mgao ni nyembamba kama ya muuza mkate: anauza mingi ndiyo apate kitu.

Hapa ndipo mtu wa kawaida anapojiumiza. Anaona yule ana meza sita, anasema, basi na mimi nifungue tatu. Lakini kuongeza meza hakukuongezei ujuzi hata kidogo. Kunaongeza kasi tu. Kama kwa meza moja unapoteza madau matano kila migao 100, jambo la kawaida kabisa kwa anayejifunza, hiyo ni bob 37 na ushee kwa saa. Ni bei ya burudani, wengine hulipa zaidi kwa soda na gumzo. Fungua meza sita na unapoteza 225 kwa saa. Tena hapo tunakuhurumia, kwa sababu tumechukulia kwamba utacheza vizuri vilevile ukiwa na meza sita. Hutacheza vilevile. Utabonyeza kwa haraka, utafuata madau usiyopaswa kufuata, na meza ya nne itakuamulia kabla hujaisoma.

Na kila meza inataka mtaji wake. Kawaida mtu huketi na madau 100, kwa mfano wetu ni sh. 1,000. Meza sita ni 6,000 zimelala kwenye akaunti ya tovuti kwa mara moja. Hebu jiulize kama ungekubali kumwachia mtu usiyemjua 6,000 zako hadi utakapozihitaji.

Swali hilo halikutoka hewani. Full Tilt Poker ilikuwa mojawapo ya tovuti kubwa kabisa duniani, nyumbani kwa wachezaji wa meza nyingi. Aprili 2011 serikali ya Marekani iliifungulia mashtaka, na baadaye mwaka huohuo waendesha mashtaka wakasema hivi: kufikia mwisho wa Machi, kampuni ilikuwa na deni la takriban dola milioni 390 kwa wachezaji wake duniani kote, na benki ilikuwa na kama milioni 60 tu. Salio lilionekana kwenye skrini. Pesa zenyewe hazikuwepo. Baadaye PokerStars iliinunua na wachezaji wakaanza kulipwa, lakini wengi walisubiri miaka. Salio kwenye tovuti ya mchezo si sawa na salio kwenye simu yako, hata kama tarakimu zinafanana.

Tukirudi kwa jamaa wetu. Anakushinda pia kwa jambo ambalo watu hawalifikirii, nalo ni muda. Karata zina majira yake. Hata mchezaji mzuri anaweza kuliwa migao elfu kadhaa mfululizo bila kukosea popote. Kwake yeye, kwa meza sita, migao 10,000 ni saa 22 hivi, kazi ya siku tatu. Wewe unayecheza meza moja saa mbili kila jioni utafikisha migao 10,000 baada ya jioni 67. Zaidi ya miezi miwili! Kwa hivyo unaposema wiki hii nilikula, kwa hivyo naujua mchezo, hujaona kitu bado. Na unaposema wiki hii bahati ilinikataa, wacha niongeze pesa zirudi, pia hujaona kitu, ila sasa umetuma nyingine.

Sasa, kwa yule ambaye atacheza hata tukisema nini, tumtendee haki: jamaa wa meza sita ana udhaifu wake. Ana sekunde mbili tatu kwa kila uamuzi, kwa hivyo anacheza kwa mazoea. Karata hafifu anazitupa bila kufikiri, na madau yake ya lazima hayapiganii sana. Hayo unaweza kuyaokota kidogo kidogo ukipandisha dau pale wengine wameshatupa. Lakini akigeuka na kuweka pesa nyingi kwenye karata ya mwisho, mwamini. Mtu mwenye meza tano nyingine za kuangalia hana sababu ya kukuigizia sinema.

Kuchelewa kwake nako kusikusumbue. Watu wengi husoma kuchelewa kama woga. Kumbe mwenzako yuko kwenye meza nyingine akiamua jambo zito zaidi, na wewe hukuwa akilini mwake kabisa. Vivyo hivyo, usitumie pesa kumtungia hadithi ndefu ya kumhadaa. Hadithi inahitaji msikilizaji, na huyu hasikilizi. Anaangalia karata zake na takwimu zako.

Ndiyo, takwimu zako. Kuna programu kama PokerTracker na Hold'em Manager zinazohifadhi kila mgao na kumwonyesha, karibu na jina lako, unaingia mara ngapi na unapandisha mara ngapi. Wewe unamjua kama jina tu, yeye ana faili lako. Kwa kweli hili linatukera kuliko wingi wa meza. Tovuti zenyewe zimeliona: mwaka 2019 partypoker ilipiga marufuku programu hizo na kuwataka wachezaji wabadilishe majina, ili mafaili ya zamani yasiwe na kazi. Mwaka huohuo PokerStars, ambayo zamani iliruhusu hadi meza 24, ilishusha kikomo cha meza za pesa taslimu hadi nne kwa mchezaji. Tunaunga mkono hatua zote mbili. Wako wanaosema ni kuwaadhibu wenye bidii. Sisi tunasema meza inayommaliza mgeni kwa usiku mmoja haina kesho, hata kwa hao wenye bidii.

Ukiingia mahali ukaona majina yaleyale matatu kwenye kila meza ya kiwango chako, toka. Huhitaji kuthibitisha chochote. Poka inakuruhusu kuchagua utakaa na nani, na ruhusa hiyo ina thamani kuliko mbinu yoyote utakayosoma.

Upande wa pesa, ambao ndio wetu, tungependa ufanye mambo machache, tena kabla ya kuketi. Amua kiasi cha mwezi mzima, tuseme 1,500, na uitume mara moja. Kutuma mia mbili mbili ndiko kunakodanganya, kwa sababu kila ujumbe wa uthibitisho unaonekana mdogo. Ikiisha tarehe 9, imeisha tarehe 9. Usiguse karo, kodi ya nyumba wala pesa ya chama. Na mkopo wa simu usiingie hapo kabisa: unalipa riba ili ukakae mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kupokea pesa yako. Ukishinda, toa ile faida irudi kwenye simu badala ya kuiacha kule ikingoja meza ya pili. Ndiyo, sisi hupata ada pesa zinapotembea, na anayetaka kututilia shaka kwa hilo ana haki. Lakini mteja aliyefilisika hatumi chochote kwa yeyote.

Kisha mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala yako. Ni rahisi, na unaweza kuipata kwenye simu. Tafuta jina la ile tovuti, jumlisha zilizoenda, jumlisha zilizorudi, toa. Usiamini kumbukumbu, kumbukumbu huhifadhi ushindi na kusahau mengine. Jamaa wa meza sita hufanya hesabu hiyo kila wiki, huenda kila siku. Kama tofauti imezidi kile kiasi ulichojiwekea, au ukijikuta hutaki mtu wa nyumbani aione hiyo karatasi, mwezi ujao usitume. Tovuti zenye leseni huwa na sehemu ya kujifungia mwenyewe kwa muda unaochagua, siku 30 au hata mwaka. Itafute kwenye mipangilio ya akaunti, na utoe salio lililobaki kabla hujabonyeza.