Pikipiki kuukuu haidai mbio, inadai breki

Nimepotea kidogo hapa kibarazani, kazi za gazeti zimenibana, lakini leo nina neno na sitaki lilale.

Pale ofisini haipiti wiki bila mtu kuniuliza ile Honda nitaiuza lini. Wengine wanauliza kwa utani, wengine kwa huruma kabisa, kama mtu anayekuulizia hali ya mgonjwa. Kijana ana digrii yake, anakwenda kwenye mikutano ya mawaziri, halafu anaegesha pikipiki ambayo umri wake na wake haupishani sana! Ushauri ninaopewa ni wa aina mbili. Kwanza, uza hiyo, chukua mpya kwa mkopo. Pili, kama huwezi kuachana nayo basi ichangamshe: piga silinda ya 150, toboa ekzosi, zungushia taa za rangi. Nimeukataa ushauri wote na naomba nieleweke kwa nini.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125. Nilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa bwana shamba, akastaafu nayo. Saa yake ina tarakimu tano tu za kilomita, na kwangu mimi imeshavuka 99,999 ikaanza tena masifuri. Kwa hiyo ukiitazama leo utadhani imetoka dukani mwaka jana, mpaka uione siti.

Suala la mkopo silikawizi. Mkopo unalipwa kwa miezi mingi, na miezi hiyohiyo pikipiki mpya nayo inachakaa. Mwenye tabia ya kutokagua chombo atakuwa na kuukuu nyingine kabla hajamaliza deni. Basi.

Huo ushauri wa pili ndio unaoniumiza, kwa sababu unatolewa kwa vijana wengi na wengi wanaufuata.

Tuanze na chombo chenyewe. CG125 iliingia sokoni mwaka 1976, na iliundwa makusudi kwa nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba gunia na watu wawili, inakula vumbi, na oili inamwagwa mwenye nayo akikumbuka. Injini yake haina cheni ya taimingi. Kamshafti iko chini, inazungushwa kwa gia, na valvu zinasukumwa kwa fimbo. Hicho kitu kinachopiga kelele na kukatika kwenye pikipiki nyingine ndogo, humu hakimo. Cheni ya nyuma nayo imefunikwa yote kwa bati, mchanga hauifikii kirahisi. Wachina walipoanza kuunda pikipiki za bei nafuu, injini waliyoinakili sana ni hii hii. Angalia ubavuni mwa injini ya pikipiki nyingi za Kichina za 125, utakuta imechongwa 156FMI. Moja ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F inapozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na I inaonyesha daraja la 125. Ndiyo maana mimi mwenye Honda ya zamani sihangaiki sana na spea. Gasketi, shuu za breki, sahani za klachi, nyingi za Mchina zinaingia. Siyo zote lakini. Nenda na kile cha zamani mkononi, ulinganishe palepale kaunta.

Sasa niwaambie kitu kinachohusu kazi yangu. Sisi waandishi wa magazeti tuna maneno tunayoyapokea kwenye taarifa za ajali na kuyapeleka kwa msomaji kama tulivyoyapokea: "mwendokasi", "uzembe wa dereva", "ubovu wa chombo". Hayo ya mwisho nimeyaandika sijui mara ngapi. Mistari minne, jina, umri, mahali, ubovu wa chombo, nukta. Hakuna anayeuliza chombo kilikuwa kibovu wapi. Kumbe ndani ya maneno hayo mawili kuna waya wa breki ulioliwa na kutu, kuna tairi lililokauka, kuna taa iliyozimika mwendesha akiwa kwenye kona. Ni vitu vya bei ndogo mno! Seti ya shuu za breki haifiki bei ya chipsi kuku za watu wawili. Halafu huyo huyo mwenye pikipiki unakuta ametoa hela nzuri ya silinda kubwa.

Ndiyo maana nasema mtu akitaka kuboresha pikipiki kuukuu aanzie pale inaposimama, kisha inapokanyaga ardhi, kisha inapoona na kuonekana. Mbio zisubiri. Kwangu mimi zisubiri milele.

Breki za CG yangu ni za ngoma mbele na nyuma. Ukiangalia pale mkono wa breki unapoingia kwenye ngoma kuna mshale mdogo, na kwenye bamba la ngoma kuna alama. Kamata breki mpaka mwisho. Mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha, hata kama unahisi bado zinashika. Wengi wanaendesha miaka bila kujua ule mshale ni wa nini. Kinachofanyika kijiweni ni kuuchomoa mkono, kuugeuza jino moja, na kuurudisha, breki inakuwa juu tena, mteja anafurahi. Shuu ni zilezile zilizokwisha. Ukiendelea hivyo, kamu inayozitanua inaweza kugeuka kupita kiasi na gurudumu likajifunga ukiwa barabarani. Ukifungua ngoma, lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo. Shuu nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Chukua kitambaa chenye maji, futa, kitupe.

Waya wa breki nao upewe haki yake. Uchomoe upande wa usukani, fungia kona ya mfuko wa plastiki kwenye ala yake kwa mpira, mimina oili kidogo, ning'iniza usiku kucha ishuke yenyewe. (Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo mimi natumia pakiti ya maziwa iliyooshwa, na inafaa kuliko mfuko.) Asubuhi utashangaa vidole viwili vinatosha. Ila waya ukiwa na nyuzi zilizokatika pale kwenye kichwa, usiupake kitu, badilisha.

Tairi. Hapa naomba mnisikilize. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji atakuambia ni jipya, na kweli vinyweleo bado vinasimama, lakini limekaa stoo miaka, mpira umekuwa mgumu, na mvua ya kwanza ikigusa lami utajua. Ukimuuliza kuhusu tarakimu hizo anakuangalia kama umetumwa na TRA.

Taa nitaisema kwa kirefu kidogo maana ndiyo inayopambwa zaidi. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za zamani, taa ya mbele hailishwi na betri, inalishwa moja kwa moja na koili za kwenye sumaku. Umeme wake unapanda na kushuka kwa kufuata injini, na ni wa kugeuka mwelekeo. Taa nyingi za LED zinazouzwa mitaani zinataka umeme wa betri. Ukiipachika tu inapepesa, au inakufa mapema. Hata ikiwaka vizuri, kioo cha nyuma kilitengenezwa kwa ajili ya balbu yenye uzi uliokaa mahali maalumu, na LED mara nyingi inatawanya mwanga hovyo, anayekuja mbele yako haoni kitu. Kabla ya kununua chochote, fungua waya za athi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo. Safisha na swichi. Nusu ya pikipiki zinazosemwa zina taa hafifu ugonjwa wao uko hapo. Baada ya hapo ndipo uzungumzie LED, tena kwa waya unaotoka kwenye betri, na uielekeze chini.

Sasa tuje kwenye silinda ya 150. Wanaoifunga wananiambia pikipiki inakuwa nyepesi, inapanda mlima wa Kimara na abiria bila kulalamika. Sibishi. Ninachouliza, ngoma za breki umezipanua nazo? Nguvu unayotakiwa kuiua ili usimame inakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 60 kwa saa kwenda 80 mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini umbali wa kusimama baada ya kukamata breki unakuwa karibu mara 1.8. Kama ulikuwa unasimamia kwenye pundamilia, sasa unasimama ng'ambo yake. Ngoma ileile, tairi lilelile jembamba. Hospitali zetu kadhaa zina wodi ambazo wananchi wenyewe wamezibatiza wodi za bodaboda, na jina hilo halikutungwa na waandishi.

Na ekzosi iliyotobolewa haiongezi kitu cha maana kwenye injini hii zaidi ya kuamsha watoto wa watu.

Kuna watakaosema, haya, breki na tairi tumekubali, lakini kwa nini ufanye mwenyewe nyumbani wakati mafundi wamejaa? Mimi mafundi nawaheshimu. Kuchonga silinda, kusaga valvu, kunyoosha rimu kwa spoki, kuchomea, hizo ni kazi zao, mimi sizigusi. Lakini fundi wa kijiweni ana pikipiki kumi zinamsubiri na kila mwenye nayo anataka kurudi kazini sasa hivi. Hawezi kukaa na yako ikapoe. Na tapeti za CG zinasetiwa injini ikiwa ya baridi kabisa. Unafungua kifuniko cha hedi, unazungusha sumaku mpaka alama ya T ikae mahali pake, unahakikisha mikono yote miwili inacheza, halafu unapitisha fila ya milimita 0.08. Ni nyembamba kama unywele. Fundi mwenye haraka anaseti kwa sikio, injini ya moto, mpaka mlio utoweke. Mteja anasifia, "sasa imetulia!" Kumbe valvu zinazonyamaza kabisa ndizo za kuogopa, kwa sababu huenda hazifungi vizuri, na valvu isiyofunga inaungua. Mlio mdogo wa tik-tik mimi naupenda.

Na hata oili. Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili ya gari iliyowekwa dawa ya kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze, ukivuta mafuta injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Geuza chupa usome kama imeandikwa JASO MA au MA2, hivyo ndivyo viwango vya Wajapani kwa klachi ya aina hii. Inaingia karibu lita moja tu. Kwa vumbi la njia zangu mimi namwaga kila kilomita 1,500, na haina chujio la karatasi, ina kichujio cha wavu na kingine cha kuzunguka kinachokusanya uchafu, kwa hiyo oili chafu haina pa kujificha.

Kazi hizi nazifanyia uani, Jumapili baada ya kufua. Mama mwenye nyumba alinipa kona kwa sharti kwamba nisimwage tone karibu na bomba. Namwamkia, anaitikia, "Marahaba mwanangu, leo unampasua wapi?" Oili chafu inaingia kwenye dumu na inakwenda gereji, siyo kwenye mtaro. Watoto wa pale wameshajua spana namba 10 na namba 12, wananiletea kabla sijaomba. Nina daftari la kaunta, naandika tarehe, kilomita, nilichokaza na nilichokikuta. Kwa daftari hilo niligundua waya wa klachi unanikatikia kila baada ya muda uleule, nikafuatilia, nikakuta unakunjwa na bati la taa ya mbele. Fundi anayeiona pikipiki mara moja kwa miezi sita asingeliona hilo, na simlaumu.

Kilichobaki ni shingo ya usukani. Ukiinua gurudumu la mbele na kugeuza polepole, katikati linajikita kidogo, maana gololi zimeshachimba vishimo kwenye vikombe vyake. Nataka niachane na gololi nifunge beringi za rola zilizolala mshazari, zinabeba mzigo kwa eneo kubwa zaidi na zinavumilia mashimo yetu. Nimeshazunguka Gerezani Jumamosi mbili, kila duka wananipa za gololi na kuniapia kuwa ni zilezile. Anayejua zinapopatikana za CG anielekeze, na akiniambia na vipimo vya ndani na nje nitamshukuru zaidi, maana Jumamosi hii nashuka tena mjini na kalipa yangu mfukoni.