Baba anasubiri Subaru, mama anahesabu mikanda

Katika nyumba moja ya Buswelu, wilayani Ilemela, chakula cha jioni hakiishi siku hizi bila kutajwa meli. Baba akishanawa tu, simu iko mezani: meli imepita wapi, imebakiza siku ngapi kuingia Dar es Salaam, wakala wa forodha amejibu au hajajibu. Mtoto wa miaka mitatu, ambaye bado "samahani" inamshinda, anatamka "Subaru" bila kukosea herufi. Mkubwa wake wa miaka sita ameshalichora gari hilo la bluu kwenye daftari la hesabu, na bawa la nyuma kalichora kubwa kuliko nyumba yao.

Baba ni fundi umeme mgodini, mkoani Geita, na hurudi Mwanza mwisho wa wiki. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana ujauzito wa miezi sita. Fedha za gari zimetoka sehemu mbili: mkopo wa SACCOS ya kazini kwa baba, na akiba ambayo mwaka jana ilikuwa na jina jingine kabisa. Iliitwa mabati ya nyumba ya Kisesa. Kwa hiyo hilo linalokuja si gari tu, ni paa lililobadilishwa kuwa magurudumu, na mama hajaacha kulikumbusha jambo hilo, kwa upole, kila mvua inapomwagika.

Kabla ya kuagiza, walibishana msimu mzima wa masika.

Mapenzi ya baba yana historia ambayo wanaume wengi wa umri wake Kanda ya Ziwa wanaijua. Walikua wakati Safari Rally ya Kenya ilipokuwa mbio za ubingwa wa dunia, na magari mawili yakigawana sifa. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda akiwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka uliofuata Colin McRae akashinda na Subaru Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns alishinda na Impreza, na 2001 Mäkinen akarudi na Lancer yake. Mtoto aliyesikiliza habari hizo redioni Musoma au Magu alichagua upande kama anavyochagua Simba au Yanga, na wengi hawajahama mpaka leo. Ubishi wa Subaru na Evo kwenye vijiwe vya mafundi una umri mkubwa kuliko baadhi ya mafundi wenyewe.

Magari hayo ni ya namna ya pekee. Kwa macho ni sedani ya kawaida: milango minne, buti, siti za watu watano. Chini ya boneti kuna injini ndogo ya lita mbili yenye turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka ili kuisukumia injini hewa nyingi zaidi. Nguvu inayopatikana, ya farasi 280 au hata 300, inagawanywa kwa matairi yote manne. Kwa mtu wa mshahara ni gari la mbio linaloweza pia kubeba gunia la mchele wa Magu.

Chaguo la kwanza la baba lilikuwa WRX STI, lile lililotengenezwa kuanzia 2014. La pili lilikuwa Lancer Evolution X. Mitsubishi iliacha kutengeneza Evo mwaka 2016 bila kuleta mrithi, na Subaru nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya injini ya mafuta. Kutoweka huko ndiko kumeyapandisha bei. Yaliyobaki ni machache, na mengi yamepitia mikono ya vijana wa Japani waliobadilisha turbo, ekzosi na kompyuta ya injini kabla ya kuyapeleka mnadani. Mnunuzi wa Mwanza huona picha zinazong'aa tu. Karatasi ya mnada ina herufi na namba za kueleza hali ya gari, na herufi R pale ina maana gari liligongwa likatengenezwa. Baba alikuwa amelipenda moja lenye R. Mama ndiye aliyeuliza herufi hiyo ni ya nini.

Swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi. "Baba, usiku uchungu ukinianza na wewe uko Geita, hili gari litakuwa wapi? Na nani ataliendesha?"

STI ile ni ya gia za mkono pekee. Mama anaendesha otomatiki, na shemeji yake anayekaa nao vilevile. Baba alikuwa amepanga kwenda nalo kazini kila Jumatatu, kwa sababu daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemaliza foleni ya kivuko, na kilometa tatu zile juu ya maji zinapitwa kwa dakika chache. Raha ya barabara ile inaeleweka. Lakini gari likiwa Geita, mjamzito wa Buswelu atafika Bugando kwa bajaji au kwa huruma ya jirani. Swali hilo halikujibiwa siku ile. Lilijibiwa wiki mbili baadaye, baba aliposema kwamba basi la wafanyakazi nalo si baya.

Hapo orodha ikabadilika. Evo X ipo yenye gia za kujibadilisha, lakini gia zake za klachi mbili zikisumbua, fundi wa kuzielewa kweli ni wa kutafutwa kwa tochi. Mitsubishi ikaondoka. Subaru Legacy B4 ya turbo ilitetewa na shemeji: pana, tulivu, na mafundi wa Nyakato wanaijua. Kasoro yake ni umri. Zile nzuri za lita mbili zilitengenezwa kati ya 2003 na 2009, na kwa Tanzania gari kuukuu namna hiyo huongezewa ushuru kwa sababu ya miaka yake. Toyota Mark X ilitajwa na baba mkwe, kama inavyotajwa kila mahali. Spea zake zipo mpaka Lamadi, injini haina turbo ya kuuguza, na ukitaka kuiuza wateja wapo. Ila kwa wengi wanaoiendesha inasukuma kwa matairi ya nyuma tu, na injini yake ndogo kabisa ni ya lita 2.5, hivyo imevuka mstari wa sentimita za ujazo 2,000 ambapo ushuru wa bidhaa hupanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Kusema kweli, kwa kichwa kitupu, mzee alikuwa na hoja nzuri kuliko wote. Lakini hakuna aliyekuwa ananunua kwa kichwa kitupu.

Walichokubaliana ni WRX S4 iliyouzwa Japani kuanzia 2014. Ni ndugu wa STI, na ina turbo, matairi manne yanayovuta na nguvu ya farasi 300. Gia zake ni za otomatiki na injini haizidi lita mbili. Lile waliloagiza lina pia kamera mbili juu ya kioo cha mbele zinazotazama barabara, na gari linaweza kujifungia breki likiona kizuizi ambacho dereva hajakiona. Huonya kwa Kijapani, lakini mlio wake hauhitaji mkalimani.

Kwa gari la namna hii gharama haziishii bandarini. Injini ya turbo iliyotengenezwa kwa soko la Japani ilizoea petroli ya oktani ya juu. Ikipewa mafuta hafifu huku inakamuliwa, mafuta huwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na pistoni huweza kupasuka. Oili ibadilishwe kila kilometa 5,000, iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Baada ya mwendo mrefu, injini iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili turbo ipoe. Tumbo la gari liko sentimita 13 hivi kutoka ardhini, na kwa matuta ya mitaani hilo ni suala la kupita mshazari na kumwomba Mungu.

Jambo linalowaponza wengi wenye magari haya ni imani kwamba matairi manne yanayovuta yanalifanya gari lishike breki zaidi. Hapana. Kila gari, hata Vitz, hufunga breki kwa matairi manne. Mfumo huo husaidia kuondoka na kutoteleza wakati wa kuvuta, kwenye tope la Igombe au lami yenye maji. Kwenye kusimama hausaidii. Gari likiwa kilometa 50 kwa saa, tangu dereva aone hatari mpaka lisimame kwenye lami kavu, linakula kama mita 28. Kwa kilometa 80 ni karibu mita 57. Kwa 100 ni mita zaidi ya 80, na gari la farasi 300 hufika 100 kabla abiria hajamaliza kufunga mkanda. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma, kuanzia Kisesa mpaka Magu na kuendelea, ina ng'ombe wanaovuka, bodaboda zinazotokea njia za vumbi, wanafunzi wanaotembea pembeni na wanawake wenye ndoo za dagaa kichwani. Mita 80 pale ni watu wengi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa asilimia 4. Asilimia 1 ni tofauti ambayo dereva haioni hata kwenye dashibodi.

Mama hakuzisoma takwimu hizo. Yeye alihesabu mikanda. Siti ya nyuma ina watoto wawili na bibi yao wa Sengerema, ambaye huja kliniki ya shinikizo la damu kila mwezi na ana magoti yanayouma. Akija mtoto wa tatu, nani atapakatwa? Jibu la kitaalamu ni kwamba hapakatwi mtu. Mtoto akiwa mapajani, gari likigonga kwa mwendo wa mjini tu, uzito wake huongezeka mara nyingi na hakuna mikono inayomshika. Mchanga hukaa kwenye siti yake, ameangalia nyuma, na kamwe si siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mjamzito naye hufunga mkanda: wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na wa begani upite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Wapo wanaouacha kwa kuogopa kumbana mtoto, na hao ndio wanaomhatarisha.

Ya bibi ilipatiwa ufumbuzi wa nyumbani. Gari liko chini, na kutoka humo ni kazi kwa magoti yake. Basi atakaa mbele, siti isogezwe nyuma, azungushe miguu yote miwili nje kwanza ndipo asimame. Alipofanyishwa mazoezi hayo kwenye kiti cha plastiki uani, aliuliza kwa nini wasinunue gari refu. Baba akacheka peke yake.

Kuna masharti matatu, na mama ameyaandika nyuma ya kalenda ya jikoni. La kwanza, gari lilale Mwanza siku za kazi. La pili, matairi yakaguliwe kabla ya kuanza safari ya Dar kuja huku, zaidi ya kilometa 1,100: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, na tairi la 2319 ni la wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake zimesimama. La tatu halihusu gari. Mkopo ukimalizika, fedha za kwanza ni za mabati. Baba ametia saini mbele ya shemeji.

Wiki iliyopita mzigo wa kwanza uliwasili Buswelu, ila haukutoka melini. Ni siti mbili za watoto, mama alizinunua mjini kwa fedha yake mwenyewe. Kwa kuwa gari bado liko baharini, zimefungwa kwa kanga kwenye kochi la sebuleni, na yule wa miaka mitatu hali ugali mpaka afungwe mkanda.