RAMANI NA SIMU KATIKA KUWAOKOA MABINTI WA MARA

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, shule zikiisha kufungwa, wako wazazi katika wilaya za Tarime na Serengeti wanaoandaa sherehe za ukeketaji, na wako watoto wa kike wanaotafuta njia ya kukimbia. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, na mwenye hatia aweza kufungwa miaka 5 hata 15. Lakini kwa muda mrefu sheria hiyo ilishindwa kumfikia mtoto kwa sababu ambayo wengi wetu hatukuifikiri: hapakuwa na ramani. Askari aliyeambiwa usiku kwamba mtoto yuko kitongoji fulani ng'ambo ya kijito hakujua ashike njia ipi. Mbuga ya Serengeti yajulikana dunia nzima. Vijiji vingi vya jirani zake havikuwamo katika ramani yoyote.

Tangu mwaka 2015, watu wa kujitolea wa mpango uitwao Crowd2Map wamekuwa wakitazama picha zilizopigwa na setilaiti na kuchora nyumba na njia katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo kila mtu aweza kuitumia bila malipo. Wengi wao hawajapata kuikanyaga ardhi ya Tanzania. Lakini picha ya kutoka angani haisemi kijito chaitwaje, wala shule ni ipi. Majina hayo yametiwa na wenyeji wenyewe, simu mkononi. Nalo shirika la Hope for Girls and Women, liongozwalo na Bi Rhobi Samwelly, lenye nyumba za kuwahifadhi mabinti Mugumu na Butiama, limewafunza wanavijiji kutumia simu kupeleka habari mtoto akiwa hatarini.

Twaisifu kazi hii bila kusita. Watu wa mjini wakizungumza juu ya maisha ya kesho hutaja magari yajiendeshayo na mashine zijibuzo maswali. Sisi twaona kwamba kesho hiyo imekwisha kufika Mugumu, nayo ina sura ya mwanamke wa kijijini mwenye simu.

Hata hivyo, simu haichagui bwana. Ile ile ipelekayo habari kwa polisi yaweza kumwonya ngariba ahame usiku huo huo, au kupanga safari ya kumvusha mtoto mpaka wa Kenya. Na kijijini hakuna siri: aliyepiga simu ni shangazi, ni jirani, ni mwalimu, na kesho yake atakutana kisimani na jamaa za baba aliyekuwa akihesabu ng'ombe wa mahari. Afisa amtajaye mtu huyo, hata kwa kuteleza ulimi, amemtupa. Na mwaka ufuatao hapana atakayepiga tena. Jambo hili twalitaka litazamwe kwa ukali kuliko jingine lolote.

Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 28. Upungufu huo ni mdogo mno kwa sheria iliyotimiza zaidi ya miaka 20. Wazee wa mila, ambao ndio watangazao mwaka wa tohara, nao wana simu. Yawapasa waulizwe hadharani wanazitumia kwa shauri gani.

Ramani humwonyesha askari njia, lakini haimbebi. Twaziomba halmashauri za Tarime na Serengeti, pamoja na polisi, zihakikishe kwamba tangu mwisho wa Novemba kila Dawati la Jinsia na Watoto lina gari lenye petroli, na dereva alalaye karibu na simu.