Idadi, Kiasi na Namba: Kwa Nini Vigeu vya C Vifundishwe kwa Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo kwa lugha ya C kwa ajili ya akina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea kiasi cha mkopo na kutoa riba ya asilimia tano. Niliipeleka kikaoni kwa majivuno ya kijana aliyehitimu juzi. Mweka hazina, bibi aliyezoea kuandika hesabu za kikundi katika daftari la mistari, aliingiza mkopo wa shilingi 200,000, akakitazama kioo. Akaingiza wa shilingi 500,000, akakitazama tena, kisha akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "mashine yako imetusamehe sote."

Riba ya kila mkopo ilikuwa sifuri. Walicheka, nami nikacheka kwa kuficha aibu. Kosa lilikuwa katika mstari mmoja:

int riba = 5 / 100 * mkopo;

Katika C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu nalo huwa namba kamili, na sehemu ya desimali hutupwa. Tano gawanya kwa mia ni sifuri, na sifuri mara mkopo wowote ni sifuri. Kompyuta haikukosea, ilitii. Aliyekosea ni mimi, ambaye nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilo na niliweza kutamka kwa Kiingereza, neno kwa neno, maana ya aina ya data. Nililijua neno, sikulijua jambo. Kikundi kikalirudia daftari lake, na programu yangu haikuitwa tena.

Ndugu msomaji, nasimulia kisa hiki kwa sababu sasa mimi ndiye ninayefundisha, na kila muhula nawaona vijana wakipita njia ile ile. Wanaingia darasani wakiwa na akili nyepesi, wanapewa fasili za kigeni, wanazikariri, na wiki ya tatu wanajihukumu kuwa hawakuumbiwa kompyuta. Hoja yangu ni hii: somo la kwanza la C, yaani vigeu na aina za data, lina ufunguo wake ndani ya Kiswahili chenyewe. Anayemfundisha Mswahili somo hili bila kuutumia ufunguo huo anamnyima kitu alichokuwa nacho tayari.

Tuanze na jina. Wengine husema kibadilika, wengine kigeu. Natumia kigeu, kwa kuwa ni kifupi na kina wingi mwepesi, lakini sitagombana na mwenye jingine. Tumekwisha kubishana vya kutosha juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Lililo muhimu ni kumwambia mwanafunzi kigeuka nini. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, ukishaandika int umri, umri hauwezi tena kuwa herufi. Sasa mbona unakiita kigeu?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu. Kigeu kina mambo matatu: aina, jina na thamani. Aina haigeuki. Jina haligeuki. Kinachogeuka ni thamani peke yake.

Vitabu vingi hukifananisha kigeu na sanduku. Mimi nimeuacha mfano huo, kwa kuwa unadanganya mara mbili. Sanduku laweza kuwa tupu, na sanduku laweza kuongezewa kitu juu ya kitu. Kigeu cha C hakina sifa hizo. Mfano wangu ni ubao wa chuoni. Katika vyuo vya pwani, mtoto aliandikiwa somo lake kwa wino juu ya ubao wa mti. Akishalihifadhi, ubao ulioshwa, likaandikwa jingine. Ubao una upana wake usioongezeka, na somo jipya haliandikwi bila la zamani kuondoka. Ukipewa ubao ambao haukuoshwa, utakuta mwandiko wa mtoto aliyekutangulia. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kigeu kilichotangazwa ndani ya kazi bila kupewa thamani:

int umri;

Ukikichapisha kabla ya kukiandikia kitu, huenda ukaona sifuri, huenda ukaona namba ya ajabu. Si tupu, ni mabaki ya mwenzio katika kumbukumbu. Basi mwanafunzi azoee tangu siku ya kwanza kuandika int umri = 19; na asiuamini ubao asiouosha mwenyewe.

Sasa twende kwenye aina, ambako Kiswahili kinatoa msaada mkubwa zaidi. Mwambie mtoto wa miaka minne "kiti amevunjika." Atakucheka au atakusahihisha. Hajui neno upatanisho, lakini anajua kwamba nomino ikishataja ngeli yake, kila kinachofuata lazima kikubaliane nayo. Aina ya data ni ngeli ya thamani. Ukiitaja, umekwisha kusema ni vitendo gani vitaifaa na ni vipi havitaifaa.

Msomaji mjuzi atasema kwamba ngeli hazitambuliwi kwa umbo pekee. Ni kweli, na hapo ndipo mfano unapozidi kunoga. Neno kipofu lina umbo la KI-VI, ila twasema "kipofu amefika," si "kimefika." Kinachoamua ni jinsi neno linavyopatana na sentensi. Aina ya C iitwayo char iko hivyo hivyo. Kwa sura ni herufi, kwa tabia ni namba kamili ndogo. Katika mfumo wa ASCII, 'A' huhifadhiwa kama 65, na 'A' + 1 ni 66, ambayo ni 'B'. Biti zile zile nane zaweza kusomwa herufi au kusomwa namba; aina ndiyo inayoamua zisomwe vipi. Mwanafunzi aliyeshangaa kwamba herufi yaweza kujumlishwa hutulia nikimkumbusha kipofu.

Historia nayo yatuunga mkono. C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lugha iliyoitangulia, B, ya Ken Thompson, haikuwa na aina: kila kitu kilikuwa neno moja la kumbukumbu, na mwandishi alibeba kichwani mwake kipi ni nini. Ilipokuja kompyuta ya PDP-11, iliyoweza kushughulikia baiti moja moja, lugha isiyo na aina ilielemewa. Ritchie akaanza kuiongezea B aina, na humo ndimo C ilimozaliwa. Kwa maneno yetu, B ilikuwa lugha isiyo na ngeli, na C ni B iliyopata ngeli.

Lakini nisiuvute mfano kupita kiasi. Sikio la bibi yangu lilikuwa kali kuliko kompaila ya C, yaani programu inayotafsiri maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Bibi hakupitisha kosa. Kompaila ikikuta int bei = 3.9, yaweza kuipokea kimya, ikaweka 3 na kuitupa 0.9. Kwa hiyo mzigo wa upatanisho unabaki kwa mwandishi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka aelewe badala ya kukariri.

Ataelewaje? Hapa natoa kanuni ambayo imewafaa wanafunzi wangu kuliko majedwali yote. Kiswahili hutofautisha maneno matatu ambayo mazungumzo ya haraka huyachanganya: idadi, kiasi na namba. Twasema idadi ya wanachama, kiasi cha maji, namba ya simu. Mwanafunzi aseme kwanza sentensi yake kwa Kiswahili fasaha. Akisema "idadi ya," atumie int, kwa kuwa watu hawahesabiwi nusu nusu. Akisema "kiasi cha," mara nyingi atahitaji double, ambayo hubeba desimali kwa usahihi wa takriban tarakimu 15. Akisema "namba ya," asimame ajiulize: je, kuna maana kujumlisha mbili za namna hii? Hakuna ajumlishaye namba za simu. Hiyo si hesabu, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na mahali pake ni maandishi:

char simu[11];

Kumi na moja, ingawa tarakimu ni kumi, kwa sababu C hufunga kila maandishi kwa baiti moja ya sifuri. Asiyeamini ajaribu kuandika int kituo = 0755; kisha akichapishe kama namba ya kawaida. Ataona 493. Katika C, namba kamili inayoanza na sifuri husomwa kwa kizio cha nane. Sifuri ya mwanzo, ambayo kwetu ni sehemu ya jina, kwa mashine ni amri.

Kanuni hii ina mwiko mmoja: fedha. Twasema "kiasi cha fedha," lakini double haiwezi kuihifadhi 0.1 kikamilifu, kwa kuwa mashine huhesabu kwa kizio cha mbili. Vipande vidogo vya makosa hujikusanya. Mtunza hesabu makini huhesabu idadi ya senti, au idadi ya shilingi ikiwa senti hazitumiki, na kuiweka katika namba kamili. Hata hapo Kiswahili kimemwokoa: amegeuza kiasi kuwa idadi.

Linabaki suala la upana, nalo nawaachia washairi. Mtunzi wa tarbia aliyejifunga kwa mizani kumi na sita hawezi kuingiza ya kumi na saba bila kuuvunja mshororo. Katika kompyuta nyingi za leo, int ina biti 32, na namba yake kubwa kabisa ni 2,147,483,647. Kwa mwenye kuhesabu dola hiyo ni mali nyingi. Kwa mwenye kuhesabu shilingi za Tanzania ni bilioni mbili na ushei, kiasi kinachoweza kupitwa na bajeti ya halmashauri moja. Ikizidi hapo, kanuni za C hazisemi litokee nini. Mara nyingi namba hugeuka hasi, tajiri akawa mdaiwa. Ndiyo maana ipo long long, yenye biti zisizopungua 64. Vivyo hivyo, mifumo inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 itafurika tarehe 19 Januari 2038. Mizani imezidi, basi.

Wapo wenzangu wanaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Wanasema kijana atakutana na Kiingereza kazini, vitabu viko kwa Kiingereza, na hapa Tanzania sekondari hufundishwa kwa lugha hiyo. Kwa nini tumcheleweshe? Nakubali kwamba atakihitaji. Lakini tazama kinachohitajika hasa. Sanifu ya C ya mwaka 1989 ina maneno maalumu 32 tu. Yaweza kukaririwa jioni moja, na hata mtoto wa London hapati maana ya float kwa kujua kwamba neno hilo kwao ni kuelea. Maneno hayo ni alama kwa kila mtu. Ufahamu hujengwa katika maelezo, na maelezo humfikia mtu kwa lugha anayofikiria.

Isitoshe, majina ya vigeu ni hiari ya mwandishi, na maandishi yetu hayana vitone wala vikofia juu ya herufi. C inapokea mkopo, riba, umri na mavuno bila swali. Ni maneno ya ng' tu yatakayokataliwa kuwa majina, kwa sababu ya kile kibainishi. Ng'ombe atalazimika kubaki ndani ya alama za mtajo, ambako atachukua baiti nane: saba zake na moja ya kufungia.

Yule mweka hazina hakuhitaji kujua C. Lakini kama siku ile ningekuwa nimefundishwa kujiuliza, kwa lugha yangu, iwapo tano gawanya kwa mia ni idadi au ni kiasi, ningeandika 5.0 / 100 * mkopo, na asingelazimika kuvua miwani. Hiyo ndiyo gharama ya kukariri, na mara nyingi hailipwi na aliyekariri. Hulipwa na aliyemwamini.

Wanafunzi wangu huwaachia ubeti huu mwisho wa somo, nawe nakuachia:

Kwanza itaje aina, ubao na ngeli yake,
Kisha uupe na jina, asomaye alishike,
Ya jana futa kwa kina, ya leo ndipo uweke,
Ubao hubeba mana, bali kwa upana wake.