Msiisahau CG125

Mwandishi, katika makala yako ya pikipiki za zamani umeipita Honda CG125 kana kwamba ni pikipiki ya juzi. Ilitoka miaka ya 1970, na Wajapani waliiunda makusudi kwa nchi kama zetu: vali zake husukumwa na fimbo, hakuna cheni ya ndani, kwa hiyo injini huvumilia hata ikicheleweshewa oili. Wachina wakaiiga, ndiyo maana vipuri vingi vya bodaboda vinaingia humo. Huku Lembeni tambarare ni kavu, kutu haina haraka (watu wa Tanga poleni). Kwetu wakusanyaji, kazi ipo kwenye kupata tangi na nembo halisi. Na jamani, wenye nazo msizipulize rangi mpya kabla ya kuziuza! Ile iliyofifia ndiyo tunayoitafuta.