Msukule Hali Nyama, Msukule Analima

Watetezi wa Wyrmwood: Road of the Dead wananichosha kuliko wanaoiponda. Ukiwagusa tu, wanakukimbilia na bajeti. Eti walikuwa na kama dola 160,000 za Australia, eti walirekodi wikendi kwa takriban miaka minne, eti ndugu wawili, Kiah na Tristan Roache-Turner, waliandika wenyewe, mmoja akaongoza na mwingine akazalisha. Yote kweli. Lakini hapo hujaisifu filamu, umeiombea sadaka.

Nimeirudia mwaka huu, filamu hii ya 2014, na sadaka haihitaji. Ina wazo moja kubwa kuliko filamu za mazombi zilizotumia fedha mara mia ya zake. Tatizo langu ni kwamba ilipolishika wazo hilo mkononi, ililifanya mwanasesere.

Kwa ambaye hajaiona: vimondo vinaanguka, watu wanageuka. Jina lenyewe limetoka kwenye Ufunuo sura ya 8, ile nyota ambayo Biblia yetu inaiita Pakanga, inayoangukia mito na kuyatia maji uchungu. Barry, fundi magari, anampoteza mkewe na bintiye, kisha anavuka pori kumtafuta dada yake, Brooke, aliyetekwa na wanajeshi wanaomfikisha mikononi mwa daktari anayecheza disko huku akifanyia majaribio watu waliofungwa ukutani. Damu nyingi, matusi mengi, mavazi ya vita ya kuungaunga kwa vyuma na vifaa vya michezo. Unacheka. Hapo sina neno.

Wazo lenyewe ni hili: petroli inaacha kuwaka. Magari yote yanakuwa mabanda ya kuku. Halafu inagundulika kwamba pumzi ya mazombi inashika moto. Basi wafu wanafungwa minyororo nyuma ya gari, wanavishwa barakoa, bomba linapeleka pumzi zao kwenye injini, na safari inaendelea.

Wakosoaji wengi wakiiona gari hiyo wanasema "Mad Max ya maskini" na kufunga daftari. Mimi nilipoiona niliona kitu kinachojulikana kwetu kwa jina. Huo ni msukule.

Zombi wa sinema tangu Night of the Living Dead ya George Romero, mwaka 1968, kazi yake ni kula. Anatembea, anauma, anaambukiza. Msukule wetu hali nyama ya mtu. Analishwa pumba na kupelekwa shambani usiku, na wa kuogopwa si yeye, ni aliyemchukua. Ndiyo maana ukiamka umechoka bila sababu kuna mzee atakuuliza kwa utani, nusu utani, kama usiku umelimishwa. Na hata huyo zombi wa sinema, kabla hajawa mla watu, alikuwa hivyohivyo. Haiti, ambako watumwa walikatishwa miwa mpaka wakafa, kitisho kilikuwa kwamba hata kifo hakikupi mapumziko. Kuna mtu atakufukua akurudishe kazini. White Zombie ya 1932 bado ilikumbuka: mazombi wanasukuma kinu cha sukari, mmoja anatumbukia ndani, wenzake hawageuki hata kutazama. Baadaye Wamarekani wakamfuta mwenye kinu, wakabaki na maiti wenye njaa. Ilikuwa nafuu kwao, nadhani. Shaun of the Dead, ya Waingereza, iligusa jambo hilo mwishoni, wafu wakisukuma troli za dukani, ikacheka ikaishia.

Wyrmwood, filamu ya wikendi, ndiyo iliyomrudisha mfu kazini na kumfanya nguzo ya hadithi nzima. Tena katika nchi ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa makaa ya mawe na gesi duniani. Nishati ikikata, nchi hiyo inachoma watu. Ungetaka wazo gani tena?

Lakini gari inaondoka na hakuna anayeuliza. Mashujaa wetu wanabadilisha mfu aliyechoka kama unavyobadilisha mtungi wa gesi. Na Australia si mahali ambapo swali hili lingehitaji kuagizwa kutoka nje. Kati ya 1863 na 1904, watu wapatao 62,000 walipelekwa Queensland kutoka visiwa vya Pasifiki, hasa Vanuatu na Visiwa vya Solomon, wengine kwa kudanganywa na wengine kwa kutekwa, wakafanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miwa tena. Wenyeji wa Australia nao walifanya kazi vizazi kwa vizazi huku mishahara yao ikishikwa na serikali za majimbo. Misukule wa nchi hiyo wana tarehe na daftari za hesabu.

Na filamu ina mtu ambaye angeweza kuuliza. Benny, anayechezwa na Leon Burchill, ni Mwaborijini, na ndiye roho ya filamu. Bila yeye ungezima baada ya nusu saa. Anachekesha, anasimulia habari ya ile nyota, na hafiki mwisho. Kapewa kazi zote ambazo mtu mweusi hupewa katika filamu za kutisha, isipokuwa ile moja ya kulitazama bomba lile na kusema kitu. Mtaniambia ni vichekesho tu. Vichekesho ndiyo mahali pake hasa. Sentensi moja ya Benny, kwa sauti ileile ya mzaha, ingetosha kuigeuza gari nzima.

Wala msiniambie bajeti. Romero alitumia kama dola 114,000, akamweka Duane Jones, mtu mweusi, kuwa shujaa, na asubuhi akamwua kwa risasi ya wazungu waliokuja kuokoa watu. Swali halilipiwi. Hili nalisema pia kwa wenzangu wanaotetea Bongo Movie kwa wimbo uleule wa "hatuna hela": kamera mbovu naielewa, taa naielewa, hadithi isiyotaka kujua kitu siielewi.

Brooke ndiye ananiuma zaidi. Kwa sehemu kubwa ya filamu amefungwa, anachomwa sindano, mpaka anapata uwezo wa kuwaamuru wafu kwa akili yake. Yaani mateka anageuka mwenye misukule. Kijijini kwetu habari ingeanzia hapo. Ndani ya filamu ni silaha mpya tu ya kumalizia mapambano.

Mwanzoni kabisa Barry anawaua mkewe na binti yake kwa bunduki ya misumari, kwa sababu wamegeuka na anawapenda mno kuwaacha hivyo. Analia, anataka kufa. Baadaye kuna wafu wengine nyuma ya gari, na mabomba mdomoni. Nao walikuwa wake za watu, na mabinti za watu. Barry anakanyaga mafuta.