Siku Saba Kazini, Siku Saba Nyumbani



Mwenzetu mmoja wa karakana alikuja ofisini kwetu na barua ya kijana wake aliye Marekani. Kijana amemaliza masomo ya urubani, ruhusa ya kufanya kazi huko anayo, na sasa ataka kuingia katika kompani zile zinazorusha ndege ndogo za jeti ambazo matajiri hununua kwa mafungu. Baba aliuza ng'ombe na kipande cha shamba kwa ajili ya masomo yale. Anauliza kama kazi hii ni nzuri ama ni mtego. Twamjibu hapa mbele ya wote, maana mambo yaliyomo si ya marubani peke yao.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Tajiri hanunui ndege nzima. Hununua fungu, pengine sehemu moja ya kumi na sita, nayo humpa saa 50 za kuruka kwa mwaka. Kompani huitunza ndege, huandika marubani, na humpelekea ndege mahali atakapo kwa taarifa ya saa chache tu. Aliyeanzisha mpango huu ni Richard Santulli, mwaka 1986, katika kompani ya NetJets, ambayo tangu 1998 ni mali ya Berkshire Hathaway, kompani aliyoikuza Warren Buffett.

Faida kubwa ni siku. Rubani wengi wa kazi hii hufanya siku saba mfululizo, kisha hukaa nyumbani siku saba. Si siku za kungoja kuitwa, ni zake. Aweza kulima, aweza kumpeleka mtoto shule, aweza kulala. Wazee wetu walioendesha injini za moshi waliamshwa usiku wa manane na mjumbe wa stesheni, na wake zao hawakujua watarudi lini. Hao wangeelewa upesi thamani ya siku saba zilizoandikwa. Tena rubani huchagua kiwanja karibu na kwake, na kompani humlipia tikiti mpaka ndege ilipo. Na rubani wa ndege za abiria hulazimika kuacha akifika miaka 65, kwa sheria ya 2007. Huku kompani kubwa za mafungu ziliwekewa mpaka wa miaka 70 mwishoni mwa 2022.

Sasa hasara. Katika siku saba za kazi, mtu si wake mwenyewe hata kidogo. Sheria yaruhusu zamu ya saa 14, kisha mapumziko ya saa 10, na katika kumi hizo lazima ale, aoge na alale. Asubuhi aambiwa anakwenda Florida. Kabla hajamaliza chai mwenye fungu amebadili nia, ni Aspen, kiwanja kilichozungukwa na milima. Rubani wa shirika kubwa ajua safari zake za mwezi mzima. Huyu hajui atalala mji gani leo. Tena ndiye mpakizi wa mizigo, ndiye mwenye kuagiza chakula, na abiria wakishuka ndiye aokotaye vikombe. Hatusemi kazi hiyo ni aibu. Twasema iandikwe na ilipwe.

Lakini jambo tunalotaka kijana alisome mara mbili ni hili. Tajiri akibanwa na fedha, kitu cha kwanza kupunguza ni safari za ndege. Biashara iliharibika mwaka 2008, na Januari 2010 NetJets iliwaweka kando marubani 495. Waliotoka ni wale walioandikwa mwisho, yaani vijana kama huyu. Hawakuitwa tena mpaka miaka ilipopita. Lakini majina yao yalikuwa katika orodha, na haki ya kuitwa ilikuwa katika mapatano ya chama chao, ndiyo maana walikuwa na cha kungojea.

Marubani hao wana chama chao wenyewe, NJASAP. Mei 2015 walisimama na mabango Omaha, siku wenye hisa walipokutana, na mapatano mapya yakapitishwa na wanachama Desemba mwaka ule. Wala hatutaficha upande wa pili: marubani wa Flexjet na wenzao wa Flight Options walipiga kura ya kuingia chama mwaka huohuo wa 2015, na 2018 wakapiga kura ya kukitoa. Walikuwa na sababu zao. Sisi twaona walitupa mwavuli kwa kuwa mvua ilikuwa haijanyesha.

Kwa hiyo tumemwambia mzazi: kijana aende, kazi ni nzuri. Ila kabla ya kutia sahihi aulize mambo manne. Siku zake saba zikiliwa na kazi, atalipwa nini? Akipunguzwa, jina lake litabaki katika orodha kwa muda gani? Nani atakayeamua kwamba amechoka, yeye au ofisi? Na karatasi hiyo, kompani yaweza kuibadili peke yake?

Akipata majibu atuandikie, nasi tutayachapa hapa.